Tope Begani

"Bwana Menza, kwani mkeo siku hizi ameolewa na mikoko?"

Swali hilo aliliuliza Griffins, jirani wa chumba cha pili, karani wa reli, asubuhi moja walipokuwa kwenye foleni ya maji uani, kila mtu na mtungi wake wa plastiki. Aliuliza mswaki ukiwa mdomoni na povu likimtiririka kidevuni. Hakuwa na nia mbaya. Griffins ni mtu wa mzaha, hata matangani hakosi la kuchekesha.

"Basi mimi ndiye mume mkubwa," Menza akajibu. "Mikoko ni mume mdogo."

Foleni nzima ikacheka, na Menza akacheka nao. Lakini alipoingia chumbani na maji yake, mkewe Mbodze alikuwa ameshaondoka. Kitanda kimetandikwa, chai imefunikwa kwa sahani, na zile buti zake za mpira hazipo nyuma ya mlango. Menza akaketi ukingoni mwa kitanda, akapatazama pale pa buti palipokuwa patupu. Chai ikapoa hajaigusa.

Zamani Mbodze alikuwa akikaanga viazi vya karai hapo hapo mlangoni, upande wa barabara. Menza huendesha tuktuk ya tajiri mmoja wa Bondeni, kati ya Tudor na Mwembe Tayari, kwenda na kurudi kutwa nzima, na kila alipopita na abiria alipiga honi, naye Mbodze akainua kijiko chake cha matundu juu bila kugeuza uso. Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yao ya mchana. Menza hakujua kwamba anayapenda mpaka siku alipopiga honi na mlangoni hapana mtu.

Ni Bi Swafia aliyemwita Mbodze pwani. Bi Swafia ni mama mtu mzima wa Bondeni, alikuwa amekusanya wanawake wa kupanda mikoko kando ya mkono wa bahari wa Tudor, mahali ambapo miti ilikatwa ikabaki visiki na mifuko ya takataka. Mwanzoni Menza alilichukua jambo hilo kama safari ya akina mama wa kanisa, kitu cha Jumamosi. Jumamosi ikazaa Jumatano, Jumatano ikazaa kila siku maji yanapokupwa mchana. Karai likapanda juu ya kabati.

*

"Baba Beryl, tumepewa," Mbodze alisema jioni moja wakila ugali na mchicha wa nazi. Uso wake ulikuwa uking'aa kama aliyetoka kuoga.

"Mmepewa nini?"

"Kipande chetu. Kutoka kwenye ngazi za zamani mpaka kule maji yanapopinda. Kamaludin ametueleza vizuri leo. Nchi nyingi za dunia zilikaa zikaahidiana, ifikapo mwaka wa elfu mbili na thelathini, katika kila mafungu kumi ya nchi kavu na ya bahari, matatu yawe yanalindwa, miti yake, samaki wake, ndege wake. Nchi yetu nayo imeahidi. Sasa wanayatafuta hayo mafungu matatu yatoke wapi, na mikoko yetu wameitia ndani."

Binti yao Beryl, aliyekuwa darasa la sita, akaacha kutafuna. "Yaani mama, dunia nzima inawategemea nyinyi wa Tudor?"

"Kwani sisi si wa dunia?"

Menza akakata tonge. "Kamaludin ametueleza," akasema polepole, kama mtu anayeonja kitu.

"Ndiye anayetufunza. Ila kuna sharti. Kikundi kitoe msimamizi wake mwenyewe, mwanamke, apelekwe Lamu kufundishwa majuma kadhaa, akirudi alipwe mshahara. Tusipotoa mtu mpaka siku ya mkutano wa kuwataja wasimamizi, kipande itapewa kampuni ya watu wa mbali ilete askari wake. Hapo hata kaa hatutachukua, hata kijiti kikavu cha kuni. Tutakuwa tukiomba ruhusa kuingia mahali tulipopanda wenyewe." Akamwongezea mumewe mchicha. "Bi Swafia amenitaja mimi."

"Na Kamaludin?"

"Naye alinitaja mimi."

"Huko Lamu anakwenda nani mwingine?"

"Mwalimu ni yeye, Baba Beryl. Atakwenda yeye na watu wa vikundi vingine, wengi tu."

Menza akanawa mikono hajamaliza sahani. Hakusema hongera. Mbodze aliingoja hongera hiyo mpaka vyombo vilipooshwa, kisha akaacha kuingoja.

Tangu siku hiyo Menza alianza kulisikia jina la Kamaludin kila mahali. Kamaludin amesema mti wa mchu haupandwi pamoja na mkoko. Kamaludin amesema mbegu isichumwe mbichi. Kamaludin ana dawa ya miguu iliyokatwa na chaza. Mbodze hakulitaja zaidi ya mtu anavyomtaja mwenzake wa kazi, lakini sikio la Menza lilikuwa limefunguka upande huo mmoja tu. Huko steji nako madereva wenzake walikuwa wamempa jina. "Baba Mikoko! Abiria wako huyu!" Aliingia dukani kununua mkate, mwenye duka akamwambia mbele ya watu, "Mama Beryl amechukua mkate tangu asubuhi, bwana, wewe pumzika." Alisema kwa wema. Menza alitoka pale uso umemwiva.

*

Siku moja hakuvumilia. Alishusha abiria karibu na shule, badala ya kurudi Mwembe Tayari akateremka na tuktuk hadi karibu na pwani, akaiegesha nyuma ya ukuta. Maji yalikuwa yamekupwa. Hakuwaona watu, mikoko iliwaficha, lakini alisikia sauti za wanawake wakitaniana, na katikati ya sauti hizo akasikia kicheko cha mkewe.

Kilikuwa kicheko kirefu, cha kujiachia, kinachopanda kisha kikakatika kwa kukosa pumzi. Menza alikijua. Alikisikia enzi za uchumba, Kaloleni, na miaka ya kwanza ya ndoa. Alijaribu kukumbuka mara ya mwisho kukisikia ndani ya chumba chao, asikumbuke. Kumbe hakijafa. Kumbe kipo, kinaletwa huku, kinamwagwa topeni, na wengine ndio wanaokisikia.

Baada ya muda wakaanza kutoka mmoja mmoja. Kamaludin alitangulia. Alikuwa mwanamume wa makamo, mtu wa Mji wa Kale, mrefu, ndevu zimekatwa vizuri, shati lake la buluu limekunjwa mikono. Alipoinama kuoshea miguu kwenye dimbwi, Menza akaliona. Begani mwa shati lile, upande wa nyuma, kulikuwa na alama ya kiganja, tope jeusi, vidole vyote vitano vimejichora. Na kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda.

Mbodze aliungua na mafuta ya karai, kidole chake cha mwisho kikapona kimepinda. Menza ndiye aliyempeleka hospitali. Mkono ule angeutambua hata gizani.

Kamaludin aliinua kichwa akamwona. "A-a, bwana Menza! Karibu, ndugu yangu. Watu wa nyumbani hawajambo? Mkeo yuwajua matope kuliko sisi tuliozaliwa nayo, wallahi. Ngoja nimwite."

"Usimwite," Menza akasema. "Nilikuwa napita tu."

Akaiwasha tuktuk. Nyumbani jioni hakuuliza kitu. Mbodze alipompa chai alikitazama kile kidole kilichopinda juu ya mkono wa kikombe, akakitazama sana, mpaka Mbodze akauliza, "Kuna nini?" Akasema hakuna. Mungu ndiye ajuaye mtu anavyoweza kukaa na kitu kama hicho kifuani, akala, akasali, akaenda kazini na kurudi.

*

Siku moja kabla ya mkutano, alasiri, wageni walikuja. Watu wa Tudor wana adabu zao. Mke wa mtu haitwi safari ya majuma kadhaa kwa ujumbe wa simu. Watu hutoka, wakaja, wakaketi na mume, wakaomba. Alikuja Bi Swafia na buibui lake, akaja Nanjala, msichana wa bara aliyeajiriwa na ofisi ya mambo ya mazingira, na Kamaludin akaja kwa kuwa ndiye mwalimu na si vizuri mwalimu ajifiche. Mbodze alikuwa amepika mahamri na kuazima vikombe kwa mke wa Griffins. Beryl akatumwa kwa shangazi yake.

Chumba kilikuwa kidogo. Wageni walikaa kwenye kochi, Menza kwenye kiti, Mbodze akabaki amesimama karibu na pazia.

"Menza mwanangu," Bi Swafia akaanza, "sisi tumekuja na shida yetu kwako, kwa kuwa wewe ndiwe mwenye nyumba. Kikundi chamtaka Mbodze. Si kwamba wengine hawako, wako. Lakini huyu yuwajua kazi, na watu wamwamini. Kesho kuna mkutano. Twataka utupe ruhusa, na dua zako pia."

"Ofisi yetu itagharimia kila kitu, Baba Beryl," Nanjala akaongeza. "Nauli, mahali pa kulala, chakula. Wanawake watalala kwao peke yao. Mambo yote yako sawa."

Menza alikuwa akimtazama Kamaludin. "Na bwana huyu atalala wapi?"



"Mimi Lamu nina dada yangu," Kamaludin akajibu kwa upole. "Hulala kwake siku zote."

"Mambo yote yako sawa," Menza akarudia, akiigiza sauti ya Nanjala. "Mmekunywa chai yangu, sasa na mimi niulize. Mkono wa mke wangu ulifuata nini begani mwa shati lako?"

"Baba Beryl!" Mbodze akasema.

"Nyamaza. Nimeuona kwa macho yangu, pale pwani. Mkono wenye kidole hiki." Akakipinda kidole chake cha mwisho na kukiinua juu ili wote wakione. "Mnakuja hapa na heshima zenu, mnaniita mwenye nyumba, kumbe mnaniomba nimpeleke mwenyewe. Niwape na mkoba wake niubebe?"

Ukutani, upande wa Griffins, redio iliyokuwa ikiimba ikapunguzwa sauti. Kila mtu chumbani aliisikia ikipunguzwa.

Bi Swafia akashusha kikombe. "Lo! Menza. Wewe hujapata kuingia topeni?"

"Mimi ni dereva."

"Basi nikwambie. Lile tope lina mahali lammeza mtu hadi kiunoni, na mahali penyewe hapajulikani mpaka umepakanyaga. Ndio maana sisi huingia kwa mstari. Kila mmoja mkono wake begani mwa aliye mbele. Wa mbele akizama, wa nyuma amvuta. Ndivyo tuendavyo, ndivyo tumefunzwa, na pale Kamaludin hutangulia kwa sababu ndiye mzito. Kama ni kuzama azame yeye kwanza." Nanjala alitaka kucheka, akajizuia. "Siku hiyo nyuma yake alikuwa mkeo. Ni kweli."

"Ni mkono wangu," Mbodze akasema kutoka pale kwenye pazia. Sauti yake haikupanda. "Na begani mwangu palikuwa na mkono wa Bi Swafia. Begani mwa Bi Swafia palikuwa na wa mwenzetu, hivyo hivyo mpaka nyuma. Nilirudi nyumbani na alama hiyo mgongoni, Baba Beryl. Nilikupikia nayo. Nilikuwekea chai nayo. Umeiona ya mgongoni mwa mtu wa watu, umbali wa ukuta mzima, ya mkeo hukuiona."

Menza alikumbuka ile jioni. Alikumbuka kidole juu ya kikombe. Mgongo hakuukumbuka kabisa.

Kamaludin akasimama, akalinyoosha shati lake. "Bwana Menza, mimi nina mke, na mke wangu ana ndugu, na maneno kama haya yakifika Mji wa Kale hayatarudi. Sikulaumu. Lakini naomba neno hili lizikwe hapa. Waume wa wale wanawake wengine wakilisikia, kila mmoja atamrudisha wake nyumbani, na kile kipande kitakwenda kwa wenye askari." Akauweka mkono kifuani, akawaaga wote mmoja mmoja, Menza pia, akatoka.

"Sasa tukaseme nini kesho?" Nanjala akauliza. Hakuwa akimuuliza Mbodze.

Menza angeweza kusema neno moja. Lilikuwa pale ulimini. Lakini alifikiria redio ya Griffins iliyopunguzwa, na foleni ya maji ya kesho, na madereva steji, na aibu ikamkaa shingoni kama mtu aliyempanda. "Tafuteni mwingine," akasema.

*

Wageni walipoondoka mahamri yalikuwa karibu yote yamebaki. Mbodze akayarudisha kwenye bakuli moja moja.

"Haya," akasema. "Nambie sasa. Unamwonea wivu Kamaludin?"

"Sijui."

"Unajua."

Menza alikaa akitazama sakafu. "Ulikuwa unacheka," akasema hatimaye. "Siku ile. Niliposimama pale nyuma ya ukuta. Kicheko kile mimi hunipi."

Mbodze akasimama na bakuli mkononi. Labda hakuyategemea hayo. Kwa muda uso wake ulilegea, na kama Menza angeishia hapo pengine mambo yangekuwa mengine.

"Naona wivu na hilo tope lenyewe," akaendelea, sauti ikipanda. "Naona wivu na hiyo miti! Inaumwa kidogo, mnaikimbilia. Wadudu wakiingia, mnaiitia mkutano. Dunia nzima imekaa ikaahidiana mikoko ilindwe. Mimi nani amekaa akaahidi kunilinda mimi? Tajiri akichukua tuktuk yake kesho, nani atakuja hapa na buibui na ofisi yake kuniombea?"

"Mimi," Mbodze akasema. "Ile kazi ilikuwa yako pia. Nilikuwa nikifikiri tajiri akikuletea maneno yake umwambie chukua tuktuk yako, nyumbani kuna mshahara. Ndivyo nilivyokuwa nikifikiri nikiwa kule kwenye matope, wakati wewe uko nyuma ya ukuta."

Akalifunika bakuli. Hakulia. Beryl aliporejea kutoka kwa shangazi yake, Mbodze alijilaza kando yake upande wa ukutani, na Menza akalala peke yake kwenye kitanda kikubwa, au hakulala.

*

Asubuhi Menza aliamka kabla ya watu wa foleni. Aliiosha tuktuk mpaka magurudumu. Akaenda kununua mbaazi za nazi, zile Mbodze anazozipenda, akazileta zingali moto. Alikuwa ameyapanga maneno yake njia nzima, na yalikuwa maneno mazuri, hata mwenyewe yalimfurahisha. Alimkuta Mbodze ameshavaa. Beryl alikuwa akifunga viatu vya shule.

"Mama Beryl," akasema, akiweka bakuli mezani. "Nimefikiri sana. Nilikosea jana. Mkutanoni uende. Kazi uichukue. Nimekuruhusu."

Mbodze akamtazama. Menza akauona uso ule unamsikiliza, akapata nguvu.

"Hata Lamu nenda. Mimi sitasema kitu. Nitamwomba tajiri anibadilishie saa zangu, akikubali nitakupeleka pwani mwenyewe kila siku. Maji yakikupwa nitaegesha pale juu ya ngazi za zamani, hapo utaonekana vizuri. Sitateremka. Sitamsumbua mtu. Nitakuwa nimekaa tu pale, nakutazama, mpaka mmalize. Na Lamu nitakupigia simu asubuhi na jioni, na ukiwa darasani uniwekee simu mezani nisikie sauti za watu. Basi. Hilo si kubwa. Nani mwingine ana mume wa namna hiyo?"

Alitabasamu. Aliyasema kwa moyo mweupe, na macho yake yalikuwa yakimngoja mkewe, kama mtoto aliyeleta alama nzuri kutoka shuleni.

Beryl aliacha kufunga kamba ya kiatu. Alimtazama baba yake, akamtazama mama yake.

Mbodze akaichukua leso iliyokuwa kitandani, akajitanda, akaibana vizuri chini ya kwapa. Alimgusa Beryl kichwani. Zile mbaazi zilikuwa zikitoa mvuke mezani, naye alizipita. Menza akasogea amfungulie mlango, lakini mlango ulikuwa wazi, na Mbodze akatoka, akashika njia ya mkutanoni.